Posho ya kuuguza wazazi nchini Uingereza: nani anastahili akiwa bado kazini

Kiswahili kina kitenzi kimoja, kuuguza, kinachomtosha mtu anayemwogesha baba yake, anayempangia dawa na kukesha naye usiku akikohoa, na hakuna anayemuuliza mtu huyo kama analipwa. Nchini Uingereza jambo hilo huwachanganya wazungumzaji wengi wa Kiswahili, kwa sababu neno moja, carer, hutumika kwa mfanyakazi wa nyumba ya wazee anayelipwa kwa saa na pia kwa binti anayemtunza mama yake bila ujira. Posho inayoelezwa hapa, ambayo jina lake rasmi ni Carer's Allowance, ni ya huyo wa pili. Saa ambazo mtu analipwa mshahara kwa kumtunza mzee wa watu wengine hazihusiki nayo.

Posho hii ilianza kutolewa mwaka 1976 kwa jina lingine, ikikusudiwa kumfidia kidogo mtu aliyeacha ajira ili akae na mgonjwa. Wanawake walioolewa walinyimwa kwa hoja kwamba wangekuwa nyumbani hata hivyo. Jacqueline Drake, aliyeacha kazi ili kumtunza mama yake, aliipeleka hoja hiyo mahakamani, na mwaka 1986 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba huo ulikuwa ubaguzi. Historia hiyo inafaa kukumbukwa, kwani mpaka leo posho imebaki na sura ya malipo ya mtu aliye nje ya ajira. Aliye kazini anavumiliwa tu, na kwa masharti.

Jambo ambalo waombaji wengi hulikosea mwanzoni ni kudhani kwamba mlango wa posho ni wao wenyewe, ilhali mlango ni mzazi. Ni lazima kwanza mzazi awe anapokea malipo yanayothibitisha kwamba anahitaji kusaidiwa. Kwa wazee waliofikia umri wa pensheni, malipo hayo kwa kawaida ni Attendance Allowance, ambayo haiangalii kipato wala akiba ya mzee, bali kama amehitaji msaada kwa muda wa miezi sita. Ombi la mtoto likifuata ndani ya miezi mitatu tangu mzazi akubaliwe, malipo yake yanaweza kurudishwa nyuma hadi siku ambayo ya mzazi yalianza.

Sharti la pili ni saa 35 za utunzaji kwa wiki. Kupika, kufua nguo za mgonjwa, kumpeleka kliniki, hata kukaa karibu naye kwa kuhofia asianguke, vyote huhesabiwa. Hata hivyo saa hizo zote ni lazima ziwe za mtu mmoja: anayemtunza baba kwa saa 20 na mama kwa saa 20 hastahili, na anayewatunza wote wawili kwa saa 70 hulipwa mara moja tu. Ndugu wawili wanaosaidiana zamu kwa mama mmoja hawawezi kulipwa wote, kwa hiyo inawapasa wakubaliane nani aombe.

Sharti la kipato ndilo lenye mtego. Kuanzia Aprili 2025, posho ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki, na mwombaji aliruhusiwa kupata kazini hadi pauni 196 kwa wiki baada ya kuondoa kodi, Bima ya Taifa na baadhi ya gharama. Kiwango hicho kilipangwa kilingane na saa 16 za kima cha chini cha mshahara, ambacho mwaka huo kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Tuchukue mfano wa mwanamke anayefanya kazi katika jiko la shule mjini Leicester kwa saa 16, akipata pauni 195.36. Wiki ya chakula cha Krismasi msimamizi anamwomba abaki saa moja zaidi, naye anakubali. Kipato chake kinafika pauni 207.57, na posho ya wiki hiyo haipunguzwi kwa kadiri ya kilichozidi, bali inaondoka yote, isipokuwa ofisi ikubali kuchukua wastani wa wiki kadhaa. Saa moja ya kazi imemletea pauni 12.21 na kumtoa pauni 83.30.

Njia za halali za kushusha kipato kinachohesabiwa zipo, na inashangaza jinsi zinavyotumiwa kwa nadra. Nusu ya mchango wa pensheni huondolewa. Vilevile, kama mwanamke huyo wa Leicester humlipa jirani akae na mzazi wake wakati yeye yuko kazini, malipo hayo nayo huondolewa, mradi yasizidi nusu ya kipato na jirani asiwe ndugu wa karibu.

Wizara ya Kazi na Pensheni hupokea taarifa za mishahara kutoka mamlaka ya kodi, lakini kwa miaka mingi haikuzifanyia kazi zote kwa wakati, hivyo wapo waliozidisha pauni chache kila wiki bila kuonywa na baadaye wakadaiwa maelfu ya pauni. Tathmini huru iliyoongozwa na Liz Sayce, iliyotolewa Novemba 2025, ilionyesha kwamba kasoro ilikuwa katika mfumo wenyewe, ukiwemo mwongozo wa kukokotoa wastani. Kwa maoni yangu hilo halimwondolei mwombaji haja ya kutoa taarifa mara mshahara unapobadilika, na kutunza nakala ya taarifa hiyo pamoja na hati za mshahara.

Kabla ya kujaza fomu, ni busara pia kuangalia karatasi za mzazi. Kama anaishi peke yake na anapata nyongeza ya ulemavu mkubwa katika Pension Credit, yaani malipo ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo, nyongeza hiyo huweza kukatwa mtoto anapoanza kulipwa posho. Huko Scotland posho hii imeshabadilishwa na malipo yanayoitwa Carer Support Payment, na ombi hupelekwa kwa serikali ya huko.

Kwa wahamiaji kuna ukuta mwingine. Posho hii ni miongoni mwa fedha za umma, na mwenye viza inayokataza fedha hizo haruhusiwi kuiomba. Mzazi aliyeletwa kwa viza ya jamaa tegemezi naye, kwa kawaida, hawezi kupata Attendance Allowance kabla ya miaka mitano, kwa kuwa mtoto aliyemdhamini ameahidi kumgharamia. Na mzazi asipoipata, mtoto hana mlango wa kuingilia. Aliyebaki Tanga au Kisumu hahesabiwi kabisa, hata kama mwanawe hupiga simu kila usiku na kutuma pesa ya dawa kila mwezi.