Wanaanga hawangoji roketi ya kuwaokoa

Hapa Kisumu, hasa ufuoni Dunga, nimesikia mara nyingi kwamba kituo cha anga za juu kikiharibika ghafla, waliomo hawana la kufanya ila kungoja roketi ya uokoaji kutoka duniani. Sivyo. Chombo kilichowapeleka hubaki kimeunganishwa na kituo siku zote wanazokaa huko, kama mtumbwi uliofungwa tayari kwa safari. Kila mmoja ana kiti chake. Kwenye Soyuz, chombo cha Urusi, kiti hicho hufinyangwa kufuata umbo la mwili wake. Moto ukiwaka au hewa ikivuja, wanajifungia humo, wanajitenga na kituo, na baada ya saa chache wako ardhini.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni chombo hicho chenyewe kuharibika. Ilitokea Desemba 2022: Soyuz MS-22 ilivuja kimiminiko chake cha kupozea. Hapo kungoja kukawa kweli. Kiti cha Mmarekani Frank Rubio kilihamishiwa kwa muda kwenye chombo kingine, Dragon, endapo dharura ingezuka. Februari 2023 Urusi ikarusha Soyuz nyingine, MS-23, bila mtu ndani. Rubio na wenzake wawili walirudi nayo Septemba, baada ya kukaa angani siku 371.