Kitabu cha mwaka cha sekondari ya Marekani: maana ya mistari iliyo chini ya picha

Ukipata kitabu cha mwaka cha sekondari ya umma ya Marekani kilichochapwa kati ya 1945 na 1960 (maktaba nyingi za kule zimeviweka mtandaoni bure), ruka picha za walimu na za timu, uende kwenye kurasa za wahitimu. Kila mmoja ana picha yake ndogo: mvulana kavaa tai, msichana kavaa mkufu wa lulu. Chini ya picha pana maneno machache yaliyobanwa kama tangazo dogo la gazetini. Nimetunga mifano miwili kwa kufuata desturi ya vitabu hivyo. Wa msichana:

"Kwaya 1, 2, 3, 4, Klabu ya Kilatini 2, 3, Gazeti la Shule 3, 4, Tamthilia ya Darasa 4. Mpango: chuo cha ualimu."

Na wa mvulana aliye pembeni yake (futiboli hapa ni ile ya Kimarekani ya kubeba mpira mikononi, si soka):

"Futiboli 2, 3, 4; Wakulima wa Kesho 1, 2, 3, 4. Mpango: Jeshi la Maji."

Asiyejua desturi hii huipita tu. Anayeijua anaweza kukisia kwao kijana walikuwa watu wa namna gani, alisoma mkondo upi shuleni, na milango ipi ilikuwa wazi mbele yake siku aliyovua joho. Kwa maoni yangu, mistari hii inaeleza zaidi habari za milango hiyo kuliko habari za ndoto za mwenye picha.

Tuanze na tarakimu. Sekondari ya Kimarekani kwa kawaida ilichukua miaka 4, darasa la 9 hadi la 12, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mwenye miaka 17 au 18, aliitwa senior. Namba inayofuata jina la klabu ni mwaka aliokuwa mwanachama. "Kwaya 1, 2, 3, 4" maana yake hakukosa hata mwaka mmoja. "Klabu ya Kilatini 2, 3" maana yake aliingia mwaka wa pili, akatoka baada ya mwaka wa tatu. Ukikuta kitabu kizima hakina namba 1, usidhani watoto walikuwa wavivu wa mwaka wa kwanza. Miji mingine iliweka darasa la 9 katika shule ya chini, na sekondari yenyewe ikaanzia la 10.

Kwa nini wajihesabie klabu namna hiyo? Hapa msomaji aliyelelewa na mtihani wa kidato cha nne inabidi aweke mazoea yake kando. Marekani haikuwa na mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Wakati kijana wa Kenya au Tanganyika alikuwa akisubiri matokeo yaliyosahihishwa Cambridge, mwenzake wa Ohio alihitimu kwa kukusanya krediti, somo baada ya somo, akipewa alama na walimu wake mwenyewe. Chuo kilipotaka kumjua, kiliangalia rekodi ya shule, barua ya mwalimu mkuu na orodha ya mambo aliyoshiriki. Klabu, kwa hiyo, ilikuwa sehemu ya cheti chake, ingawa haikuandikwa kwenye cheti.

Lakini wengi hawakuwa wanakwenda chuo hata kidogo, na hili ndilo linalosahaulika. Mwaka 1910 hata kijana mmoja kati ya kumi wa rika hilo hakuwa akimaliza sekondari. Kufikia 1940 walikuwa karibu nusu, na 1960 karibu saba kati ya kumi. Chuo kilibaki nyuma sana: mwaka 1950, katika Wamarekani wote wenye miaka 25 na zaidi, takriban asilimia 6 tu walikuwa wamemaliza miaka minne ya chuo. Kwa watoto wengi, darasa la 12 ndilo lililokuwa darasa lao la mwisho maishani.

Ndiyo maana mwaka ule ulijaa sherehe kuliko vitabu. Palikuwa na tamthilia ya darasa, safari ya darasa (Washington na New York zilipendwa na shule za mashariki), dansi ya promu, na siku moja ya kutoroka shule ambayo walimu waliijua na kujifanya hawaijui. Kitabuni utakuta "wosia wa darasa", ambamo wahitimu wanawarithisha wadogo zao kiti cha nyuma cha basi au kipaji cha kuchelewa bila kuadhibiwa, na "utabiri wa darasa" unaowaona wenzao miaka ishirini mbele. Darasa lilipiga kura pia kumtaja mvulana na msichana wanaoelekea zaidi kufanikiwa. Halafu ipo pete. Kampuni kama Jostens ya Owatonna, Minnesota, iliyoanzishwa 1897, zilijenga biashara kubwa juu ya pete za darasa zenye jiwe na mwaka wa kuhitimu. Mvulana mwenye mchumba alimpa yake. Ilikuwa pana mno kwa kidole cha msichana, kwa hiyo aliivaa shingoni kwa mkufu, au akaizungushia uzi wa sufu upande wa chini hadi ikakaza. Picha za enzi hizo ukizikuza utauona uzi.

Turudi kwenye orodha, maana majina ya klabu hayakuwa ya bahati nasibu. Shule nyingi ziligawa wanafunzi katika mikondo. Mkondo wa chuo ulisoma Kilatini au Kifaransa, aljebra, jiometri, kemia. Mkondo wa biashara ulisoma kupiga chapa, utunzaji wa hesabu na hatimkato, mara nyingi kwa mfumo wa Gregg. Mkondo wa ufundi ulikuwa na useremala, umakanika, kilimo kwa wavulana na sayansikimu kwa wasichana. Sheria ya Smith-Hughes ya 1917 ndiyo iliyotoa fedha za serikali kuu kwa masomo hayo. Kila mkondo ulikuwa na klabu zake. Wakulima wa Kesho ni chama cha kitaifa cha wanafunzi wa kilimo kilichoanzishwa 1928, na chama kama hicho cha wasichana wa sayansikimu kilifuata 1945. Kwa hiyo "Klabu ya Kilatini" inakuambia yule msichana aliwekwa mapema kwenye njia ya chuo, pengine akiwa na miaka 14, kwa ushauri wa mwalimu na kwa kuangalia kwao ni nani. Mvulana wa futiboli alipangiwa shamba.

Sasa mstari wa mpango. Kwa mvulana, neno "Jeshi la Maji" halina maana moja katika kila mwaka. Mhitimu wa 1946 alikuwa akiwaona kaka zake wakirudi vitani na kuingia vyuoni kwa fedha za sheria ya maveterani aliyoitia sahihi Rais Roosevelt tarehe 22 Juni 1944. Zaidi ya maveterani milioni 2 walisoma vyuoni kwa mpango huo, na mwaka 1947 walikuwa karibu nusu ya wanafunzi wote wa vyuo. Jeshi lilikuwa limegeuka njia ya kupata karo. Mhitimu wa 1951 alikuwa na hesabu nyingine kabisa. Sheria ya 1948 ilimtaka ajiandikishe akitimiza miaka 18, na vita vya Korea vilikuwa vimepamba moto. Kijana aliyejitolea Jeshi la Maji au la Anga alikuwa mara nyingi anawahi kuchagua mwenyewe kabla hajaitwa kwenda kuwa askari wa miguu. Mwenzake aliyekubaliwa chuo angeweza kuahirishiwa wito, na kuanzia 1951 serikali iliweka hata mtihani wa kusaidia kuamua ni wanafunzi gani waachwe wasome. Wa chuo alisoma, wa shamba alibeba bunduki. Lawama juu ya mpango huo zilianza mapema na hazikuisha.

Kwa msichana orodha ya mipango ilikuwa fupi mno: ualimu, uuguzi, ukarani, ndoa. Uuguzi mara nyingi ulisomewa hospitalini kwa miaka 3. Yale na Princeton, vyuo vikuu vyenye jina kubwa, havikuwapokea wasichana katika shahada ya kwanza hadi 1969, haidhuru awe na alama zipi. Palikuwa na vyuo vya wasichana watupu, vya matajiri kama Vassar na Wellesley, na vingi vidogo vya masista wa Kikatoliki. Kimoja cha hao masista, Mount St. Scholastica cha Atchison, Kansas, ndicho kilichompokea Wangari Maathai mwaka 1960, alipovuka bahari na mpango wa kusafirisha wanafunzi uliohangaikiwa na Tom Mboya. Neno "ndoa" nalo halikuwa utani. Katika miaka ya 1950 nusu ya wanawake wa Marekani walioolewa waliolewa kwa mara ya kwanza kabla au karibu na umri wa miaka 20, kwa hiyo msichana wa darasa la 12 mwenye pete ya mtu shingoni alikuwa tayari na mpango, hata kama kitabu kilimwandikia ukarani.

Kuingia chuo chenyewe hakukuwa kugumu kama leo, ilimradi uwe na karo na usitake jina kubwa. Vyuo maarufu vya mashariki vilitaka SAT, mtihani ulioanza 1926 ambao kila sehemu yake hupewa alama kati ya 200 na 800. Vyuo vikuu vya majimbo kama Kansas na Ohio vilimfungulia mlango karibu kila mhitimu wa sekondari iliyotambuliwa na jimbo, kisha vikawachuja bila huruma mwaka wa kwanza. Ushindani ulikolea mwishoni mwa muongo. Tuzo za kitaifa za ufadhili kwa wanafunzi wenye vipaji zilianza 1955. Warusi wakarusha satelaiti ya Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, na chini ya mwaka mmoja baadaye, Septemba 1958, ikatiwa sahihi sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa, iliyoleta mikopo ya wanafunzi. Klabu za sayansi zilipewa uzito ambao Kilatini kilikuwa kinaupoteza.

Vyote hivi nimevieleza kana kwamba shule ilikuwa moja. Hazikuwa moja. Hadi uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa tarehe 17 Mei 1954, majimbo 17 yaliwatenga kisheria watoto weusi katika shule zao, na vitabu vyao vya mwaka, vyenye picha zilezile za tai na lulu, vinataja vyuo vya watu weusi: Howard, Fisk, Tuskegee, Spelman. Uamuzi ulipotoka, wengi waliupinga hadi dakika ya mwisho. Mfano unaoonyesha vizuri klabu zilikuwa na maana gani ni Central High ya Little Rock, Arkansas. Septemba 1957 wanafunzi 9 weusi waliingia pale wakilindwa na askari wa Rais Eisenhower. Waliruhusiwa kusoma, lakini sharti lilikuwa wasishiriki shughuli za nje ya darasa: hakuna timu, hakuna bendi, hakuna baraza la wanafunzi. Minnijean Brown, aliyependa kuimba, alizuiwa kupanda jukwaani na kwaya, na Februari 1958 akafukuzwa shule. Kati ya wale 9, Ernest Green peke yake alikuwa darasa la 12. Mei 1958 alipokea cheti chake pamoja na wenzake takriban 600, Martin Luther King akiwa amekaa na familia yake. Wengine walipigiwa makofi majina yao yalipoitwa. Lake lilipoitwa, uwanja ulinyamaza. Akaenda Michigan State University.

Mwaka uliofuata Gavana Orval Faubus alizifunga sekondari zote nne za umma za mji ule, weupe kwa weusi, ili wasichanganyike. Wahitimu watarajiwa wa 1959 walitawanyika kwa ndugu, kwenye shule za binafsi, jeshini, au wakaachia hapo. Timu za futiboli, hata hivyo, ziliachwa ziendelee na mechi zao. Madarasa yamefungwa, mpira unachezwa. Sijui kama kuna maelezo bora kuliko hayo ya jinsi mji wa Kimarekani ulivyoithamini orodha ile.

Jambo moja la kuangalia unapomtafuta mtu katika vitabu hivi. Jina lisilo na klabu hata moja mara nyingi ni la kijana aliyekamua ng'ombe alfajiri au kuuza petroli jioni, si la mzembe. Wasichana waliopata mimba au kuolewa kabla ya mahafali waliondolewa katika shule nyingi, kwa hiyo watafute kwenye picha za darasa la 11. Na mstari wa mpango usiuchukue kuwa ushahidi: kitabu kilipelekwa kwa mpiga chapa miezi kadhaa kabla ya Juni, na maneno yake yalijazwa kwenye fomu mapema zaidi. Linganisha na gazeti la mji la wiki ya mahafali, lililozoea kutaja nani kapata ufadhili na nani anakwenda wapi, kisha uangalie kitabu cha mwaka cha chuo chenyewe mwaka unaofuata, kurasa za wanafunzi wapya.