Je, wajua? Mwanariadha anapokaza mwendo hadi mwisho, damu inayokwenda kwenye ubongo hushuka

Mtu akiwa ametulia, moyo wake husukuma takribani lita 5 za damu kwa dakika. Ubongo, wenye uzito wa asilimia 2 hivi ya mwili, huchukua mililita 700 hadi 750 kati ya hizo. Mwanariadha aliyekomaa kimazoezi akitoa nguvu zake zote, moyo unaweza kusukuma hata lita 30 kwa dakika, na hapo wengi hudhani kwamba ubongo nao unapata mgawo mara sita. Wapi! Damu ya kichwani huongezeka kwa asilimia 10 hadi 20 tu, na huongezeka mpaka mwanariadha afike kama asilimia 60 au 70 ya uwezo wake wa juu wa kutumia oksijeni. Akizidi hapo inaanza kushuka, na anapofikia ukomo inaweza kurudi karibu na kiwango cha mtu aliyekaa kitini.

Chanzo ni pumzi. Mazoezi yakiwa makali, misuli humwaga asidi kwenye damu na mwili hujibu kwa kuhema haraka na kwa kina. Kuhema huko hutoa hewa ukaa nyingi kuliko inayotengenezwa. Mishipa midogo ya ubongo huifuatilia sana hewa hiyo: ikizidi, inatanuka, ikipungua, inabana. Kwa kawaida shinikizo la hewa ukaa kwenye damu ya ateri ni kama milimita 40 za zebaki. Kila milimita moja ikishuka, damu ya ubongo hupungua kwa asilimia 2 hadi 4 hivi, na mwanariadha aliyechoka kabisa anaweza kuwa ameshuka hadi 30 au chini yake. Joto kali huongeza kasi ya kuhema na hivyo kuzidisha hali hiyo. Upungufu wa maji nao hupunguza damu ambayo moyo unaweza kusukuma.

Kwa hiyo kirutubisho cha kidonge kinachotangazwa kwa wanariadha kuwa “kinapeleka damu kichwani” kinashindana na amri ya hewa ukaa, yenye nguvu kuliko chenyewe. Tena hata kikishinda, faida yake haina uhakika. Watafiti wamewahi kuwapa waendesha baiskeli hewa iliyoongezwa hewa ukaa ili mishipa ya ubongo isibane. Damu ya kichwani ilipanda kweli, lakini uwezo wa kukanyaga pedali haukuongezeka.

Kirutubisho kinachostahili kuzungumzwa kwanza ni nitrati, inayopatikana kwa wingi kwenye juisi ya bitiruti. Njia yake mwilini inashangaza. Ukiinywa, inapita tumboni hadi kwenye damu, kisha tezi za mate huchukua karibu robo yake na kuirudisha mdomoni. Bakteria wanaoishi nyuma ya ulimi huigeuza kuwa nitriti, unaimeza tena, na ndani ya tishu zenye oksijeni kidogo inakuwa naitriki oksidi, gesi inayolegeza kuta za mishipa. (Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo kwenye mishipa uliwapatia Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1998.) Ndiyo maana anayesukutua kwa dawa ya kuua vijidudu vya mdomoni siku ya mashindano anaharibu kila kitu: bakteria wakifa, nitrati inabaki nitrati.

Kipimo kinachotumika ni miligramu 370 hadi 500 za nitrati, saa 2 hadi 3 kabla ya kuanza. Angalia lebo vizuri. Unga mwingi wa bitiruti huandikwa gramu za bitiruti bila kutaja miligramu za nitrati, na hizo gramu hazikuambii chochote, maana nitrati hutofautiana sana kati ya zao na zao. Mkojo ukibadilika kuwa wa rangi ya waridi, usishtuke, ni rangi ya mmea. Faida huonekana zaidi kwa wanariadha wa kiwango cha kati. Kwa wale wa juu kabisa huwa ndogo au haionekani. Kuhusu ubongo, kwa wazee lishe yenye nitrati nyingi imeonekana kuongeza damu kwenye baadhi ya sehemu za mbele za ubongo. Hiyo ni hali ya utulivu, na mtu asiichukulie kuwa ahadi ya mita 200 za mwisho.

Kafeini, kichangamshi cha kwenye kahawa na chai, ndiyo inayovuruga hesabu nzima. Miligramu 250 hivi hupunguza damu ya ubongo kwa asilimia 20 hadi 30 mtu akiwa ametulia, na bado ni miongoni mwa virutubisho vichache vyenye ushahidi mzuri wa kuongeza uwezo michezoni! Sababu ni adenosini, kemikali inayotanua mishipa na pia kuuletea ubongo hisia ya uchovu. Kafeini hukalia vipokezi vya adenosini, yaani sehemu za seli ambako adenosini hujishika, hivyo mishipa inabana na uchovu unachelewa kusikika. Ukimpima mwanariadha huyu kwa kigezo cha damu ya kichwani pekee, utamwambia aache kitu kinachomsaidia.

Kipimo ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili, dakika 60 kabla; mtu wa kilo 60 atumie 180 hadi 360, na aanzie chini. Kuzidisha huleta mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na tumbo kuvurugika. Baada ya takribani saa 5, nusu ya kafeini bado imo mwilini, kwa hiyo mazoezi ya jioni yanaweza kula usingizi wa usiku. Aliyezoea akiacha ghafla, kichwa huanza kumuuma ndani ya saa 12 hadi 24, mishipa inapotanuka tena.

Madini ya chuma yana mtego wake. Mwenye upungufu wa damu, ambao mara nyingi hutokana na ukosefu wa chuma, hupata mtiririko mkubwa zaidi wa damu kichwani, kwa kuwa ubongo unafidia oksijeni iliyokosekana. Kuongezeka huko ni dalili ya shida. Pima hemoglobini (inayobeba oksijeni kwenye damu) na feritini (inayoonyesha akiba ya chuma) kabla ya kumeza chochote, kwani mwili hauna njia ya maana ya kutoa chuma kilichozidi. Ukipewa vidonge, meza asubuhi pamoja na kitu chenye vitamini C, kabla ya mazoezi au mara tu baada yake. Saa 3 hadi 6 baada ya mazoezi makali homoni ya hepsidini hupanda na kuziba mlango wa chuma kwenye utumbo. Chai na kahawa ziwe mbali na kidonge hicho.

Aginini, asidi amino ambayo mwili huitumia kutengeneza naitriki oksidi, ikimezwa huvunjwa kwa wingi kwenye utumbo na ini kabla haijafika popote. Kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ni akiba ya nishati na haihusiani na mtiririko wa damu. Ginkgo, dawa ya mmea, haina ushahidi wa maana kwa wanariadha, na inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Ukitaka kulinda damu ya ubongo, jipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Ukipoteza zaidi ya asilimia 2, mpango wako wa kunywa maji haujatosha. Jipoze kukiwa na joto. Ukimaliza mbio, usisimame ghafla: misuli ya miguu ikiacha kusukuma, damu hutuama chini, shinikizo linaanguka, na ndipo watu huzirai hatua chache baada ya utepe. Endelea kutembea dakika kadhaa, au lala uinue miguu. Anayezirai katikati ya mazoezi, si baada yake, amwone daktari kabla ya kurudi mazoezini, kwa kuwa huenda tatizo liko kwenye moyo.

Kabla ya kununua mkebe wowote, fahamu kwamba maabara ya Cologne, Ujerumani, iliwahi kupima virutubisho 634 kutoka nchi 13 na kukuta 94 vina viambata vya homoni ambavyo havikuandikwa kwenye lebo. Mwanariadha huwajibika kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua. Chagua bidhaa ambayo toleo lake (fungu lililotengenezwa pamoja) limepimwa na maabara huru, piga picha ya namba ya toleo, na bakiza kiasi kidogo kwenye mkebe mpaka msimu uishe.