Je, chasisi ya Morgan ni ya mbao?

Hapana. Chasisi, yaani kiunzi cha chini kinachobeba gari, ni ya chuma, na katika Morgan mpya ni ya alumini. Hata hivyo utawakuta wapenzi wa magari wa siku nyingi wakiapa kwamba gari hili la spoti la Uingereza, linaloundwa Malvern, limejengwa juu ya mbao.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mbao zimo kweli, tena nyingi. Funua kapeti la Plus 4, modeli iliyotoka mwaka 1950, na chini yake utakuta sakafu ya mbao. Mtu akishaiona hiyo, haulizi tena gari limesimama juu ya nini. Lakini injini, springi na magurudumu vimefungwa kwenye chasisi ya chuma, na mikiki yote ya barabara inaishia hapo.

Fikiria jahazi. Kwanza hulazwa mkuku, juu yake husimamishwa mataruma, kisha mbao za ubavuni hupigiliwa kwenye mataruma hayo. Katika Morgan mkuku ni chuma, mataruma ni mbao za mti uitwao eshi, na ubavu ni bati la chuma au la alumini. Mataruma hayabebi injini. Yanaipa bodi umbo na kulishika bati. Eshi ni mti wa Ulaya ambao hutengenezewa mipini ya nyundo na shoka, kwa kuwa ni mgumu, hauvunjiki ovyo na unakubali kupindwa. Lile tao la juu ya gurudumu la nyuma, kwa mfano, halichongwi. Seremala hupaka gundi mbao tatu nyembamba, huzipinda kwa pamoja kwenye kalibu na kuzikaza kwa vibano. Gundi ikishakauka, mkunjo umeshika na haurudi.

Husemwa pia kwamba mbao hulainisha safari. Dai hilo ni la kupokewa kwa tahadhari, kwani Morgan za zamani zinajulikana kwa springi ngumu, na kila shimo dereva hulipata mgongoni.

Faida iliyo wazi ni ukarabati. Katika magari mengi ya leo bodi na chasisi ni kitu kimoja, hivyo kutu ikila sehemu moja gari zima hudhoofika. Katika Morgan, taruma likioza hutolewa hilo hilo na kuchongwa jingine. Chasisi ikiliwa na kutu, bodi hunyanyuliwa na chasisi mpya ikawekwa chini yake. Kwangu mimi, hii ndiyo sababu kubwa ya gari hili kupendwa muda wote huu, kuliko hata boneti yake ndefu: linafufuliwa kipande kwa kipande. Na wanaodhani mbao ni udhaifu wakumbuke saa 24 za Le Mans, mashindano ya magari ya Ufaransa, mwaka 1962, Plus 4 iliposhinda daraja la injini za lita 2.

Chasisi ile ya chuma, iliyoanza kutumika mwaka 1936, iliachwa mwaka 2020, na mahali pake ikaja ya alumini. Fremu ya eshi bado ipo.