Columbus: mto uliorudishiwa mwendo wake

Marafiki wanaohamia Columbus, Ohio, hunipigia simu kuniuliza wapange mtaa gani. Kazi yangu ni maji ya mvua na mito, kwa hiyo mimi huwapeleka mtoni kwanza. Nawaomba wasimame karibu na daraja la Main Street, upande mto unakoelekea, wanyamaze kidogo. Maji ya Scioto yanasikika yakipita. Hadi mwaka 2013, hapo maji yalikuwa yamelala.

Palikuwa na banio. Wakulima wa mpunga wa Usangu wanalijua jambo hilo: ukuta mfupi unaokatiza mto, maji yanajaa nyuma yake kisha yanamwagika juu yake. Hili la Columbus halikumwagilia shamba lolote. Mafuriko ya Machi 1913 yaliua watu zaidi ya 90 mjini, na baadaye mto ukapanuliwa ili siku nyingine maji yapate njia. Lakini siku za kawaida Scioto hauna maji ya kuujaza upana ule, ndipo likajengwa banio la kuyashikilia, mto uonekane umejaa mbele ya majengo makubwa.

Maji yakisimama hutua mzigo. Udongo wote yaliyoubeba kutoka mashambani unazama, tope linapanda mwaka hadi mwaka, jua la Julai linayapasha moto na oksijeni inapungua. Samaki wanaotaka mawe na maji yanayokimbia huhama, wakabaki wavumilivu wa tope. Tena banio fupi ni hatari kuliko linavyoonekana: maji yanayoanguka hujiviringisha na kurudi ukutani, na aliyetumbukia humo huzungushwa papo hapo, hata awe mwogeleaji hodari.

Mwishoni mwa 2013 ukuta ukabomolewa. Upana wa mto ukapungua karibu nusu, na palipokuwa na maji yaliyotuama pakapatikana ekari 33 za bustani, zilizofunguliwa Novemba 2015. Hapo wengi hunibishia: mto mwembamba si utafurika upesi? Hapana. Banio lile halikuzuia mafuriko, kwa kuwa lilikuwa limejaa siku zote, na ndoo iliyojaa haipokei maji. Sasa maji yakipanda hutandaa juu ya nyasi. Yakishuka huacha magogo na tope jembamba, wafanyakazi wakaja kusafisha. Mtaa wa Franklinton, ng'ambo ya magharibi, una ukuta wake wa kuukinga na mafuriko, uliokamilika 2004.

Jumamosi tunakula North Market, kisha tunateremka mtoni kwa miguu. Watoto hukimbilia chemchemi za Bicentennial Park na kulowa chapachapa. Mimi nikipata nafasi huchukua baiskeli hadi Scioto Audubon, zamani eneo la viwanda, leo lina ndege wengi na ukuta wa kukwea usiotozwa kiingilio. Majuzi nilimkuta korongo amesimama kwenye maji yasiyofika magotini mwake, shingo ameikunja. Sikuona alivyoinyoosha, niliona tu samaki mdomoni.

Nina wasiwasi na mapaa ya nyumba. Mwaka 1990 mji ulikuwa na watu 632,910. Mwaka 2020 wakafika 905,748. Kila paa jipya na kila maegesho ya lami huitupa mvua mtoni kabla ardhi haijainywa. Katikati ya mji mabomba ya zamani hubeba mvua na maji taka pamoja, yakizidiwa yanamwagia mtoni. Tangu 2017 kuna handaki la karibu kilomita 7, kipenyo chake mita 6, linalopokea ziada hiyo. Limesaidia sana, ila mimi bado huwaambia wageni: mvua kubwa ikinyesha, ngojeni siku mbili ndipo muingize kayaki, na watoto wasichezee maji ya mto.

Siku ya kwanza chagueni asubuhi ya Septemba, wiki nzima iwe haijanyesha. Mtayaona mawe ya chini.