Kahawa chungu haiondoi ulevi

Malindi wengi bado wanaamini kwamba aliyekunywa mnazi akishapiga kahawa chungu, au akijimwagia maji baridi, anaweza kuendesha. Si kweli. Kahawa hufukuza usingizi tu. Pombe huondolewa na ini, polepole, kwa saa kadhaa, na hakuna cha kuliharakisha. Kilevi cha mnazi, kwa wanaouona mwepesi, ni kilekile cha bia.

Kwa anayeendesha gari akiwa amelewa, kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kinaruhusu faini hadi shilingi 100,000, kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Ukikamatwa, tafadhali usibishane barabarani. Katiba inakupa haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili, naye anaweza kuhoji kortini jinsi kipimo cha ulevi kilivyochukuliwa.