Keisi haina jibu ukurasa wa mwisho

Hunitokea kila muhula. Nagawa keisi ya kwanza, kurasa kumi na moja, wanafunzi wanaondoka nayo, na kesho yake asubuhi kuna mmoja ananingoja mlangoni: "Mwalimu, yangu ina upungufu, ukurasa wa majibu haumo." Namwambia haina upungufu. Keisi ni habari ya kazi ya kweli inayokatwa pale pale meneja anapotakiwa kuamua: akope au afunge, apandishe bei au avumilie hasara msimu mmoja. Yanayofuata ni ya darasa kubishania.

Njia hii ya kufundisha ilienezwa na Harvard, na walimu wenzangu wengi wameisoma kwa vitabu vya huko. Mimi iliniingia vizuri nilipoifuatilia ilivyotua India. Ndiyo maana msomaji akiniuliza shule ipi ya biashara ya Asia aanze kuichunguza, siitaji Singapore wala Shanghai. Namtajia Taasisi ya Menejimenti ya India iliyoko Ahmedabad, jimbo la Gujarat.

Miaka ya 1950 serikali ya India ilijenga viwanda mfululizo, na watu wa kuviendesha hawakutosha. Mwaka 1959 Ford Foundation, mfuko wa hisani wa Marekani, ilimpeleka George Robbins, profesa wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, akashauri. Katika ushauri wake lilikuwamo jambo ambalo mpaka leo naliona ndilo lililookoa kila kitu: shule hiyo isiwekwe chini ya chuo kikuu. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya mtaala anajua sababu. Unataka kubadili somo moja, unasubiri vikao vitatu, na kikipita cha mwisho somo lenyewe limeshazeeka.

Zikaanzishwa mbili mwaka 1961. Ya Kolkata ilitangulia Novemba, ikashirikiana na MIT, chuo kikuu kingine cha Marekani. Ya Ahmedabad ilifuata tarehe 11 Desemba, ikashirikiana na Harvard. Awali lilitajwa jiji la Bombay, Mumbai ya leo, lakini Gujarat, jimbo lililokuwa halijatimiza hata miaka miwili, lilikuwa na watu wa kulipigania: Kasturbhai Lalbhai, tajiri wa viwanda vya nguo, na Vikram Sarabhai, mwanafizikia aliyezaliwa katika ukoo wa wenye viwanda hivyo hivyo. Ndiyo, Sarabhai huyo huyo aliyeanzisha mpango wa roketi wa India. Alikuwa mkurugenzi wa kwanza, kwa muda aliouiba kwenye kazi zake nyingine.

Kazi ya kila siku ilibebwa sana na Kamla Chowdhry, mwanasaikolojia aliyekuwa amewatafiti wafanyakazi wa viwanda vya nguo mjini humo. Mwaka 1965 ulipofika wakati wa kuweka mkurugenzi wa kudumu, kiti hakikumwangukia yeye. Kilikwenda kwa Ravi Matthai, mwanamume wa miaka 38 aliyetoka kwenye makampuni, asiye na shahada ya uzamivu. Sina ugomvi na Matthai, kama utakavyoona, lakini jina la mama huyu husomwa haraka mno katika historia ya shule hii.

Sasa turudi kwenye keisi. Walimu wa kwanza walipelekwa Harvard kujifunza, wakarudi na njia na mabunda ya keisi za Kimarekani. Keisi ya Kimarekani ya wakati ule humkuta meneja anauliza: niuze vipi zaidi? Meneja wa India ya 1965 swali lake halikuwa hilo. Wanunuzi alikuwa nao. Alichokosa ni leseni ya kupanua kiwanda na kibali cha fedha za kigeni za kuagiza mashine. Waliofanya kazi kwenye mashirika yetu ya umma miaka ya 1970 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo walimu wakashika daftari, wakaingia viwandani, mashambani na kwenye ofisi za serikali, wakaandika za kwao. Kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana. Unamwomba mkubwa akuonyeshe hesabu zake, halafu unamwomba ruhusa ya kuwaonyesha vijana mahali alipokwama. Nimewahi kuandika keisi nne, na mbili kati ya hizo bado zipo kabatini kwa sababu mwenye kampuni alisoma rasimu akaghairi.

Nichukue ile ninayoipenda, niliyojitungia kutokana na habari za Anand, mji ulio kama kilomita 75 kutoka Ahmedabad, kwenye ushirika wa maziwa uliosajiliwa mwaka 1946 na unaojulikana kwa jina la Amul. Mwanamke anafika kituoni alfajiri na maziwa ya nyati wake wa kufugwa, lita tatu hivi. Yanapimwa ujazo, kisha yanachotwa kidogo kupima mafuta, maana bei inafuata mafuta. Jioni anarudi tena. Hadi hapo darasa linaona ni jambo jepesi. Kisha nawaonyesha ukurasa wa tano: wakati wa baridi nyati hutoa maziwa mengi kuliko wakati wa joto, lakini watu wa Bombay, wanunuzi wa maziwa hayo, hunywa chai ileile mwaka mzima. Ziada inakwenda wapi? Mkiikataa, yule mama atamrudia mchuuzi, na joto likija hamna maziwa. Mkiipokea, inachacha. Wataalamu wa nje walishasema maziwa ya nyati hayawezi kukaushwa kuwa unga. Nyinyi ndio meneja, Verghese Kurien, mnafanyaje?

Hapo naketi. Ubishi huchukua saa nzima. Baadaye ndipo nawaambia kwamba mhandisi H. M. Dalaya alipata namna ya kuyakausha, na kiwanda kikafunguliwa mwaka 1955. Wengine hukasirika: "Kwa nini hukutuambia kuna mhandisi?" Kurien naye hakuwa na uhakika wakati anapokea yale maziwa.

Ahmedabad ilijipa kazi ya kilimo na sekta ya umma mapema kabisa, wakati shule nyingine zikiona menejimenti ni mambo ya kiwanda na benki. Matthai aliliendeleza hilo kwa mwendo wake mwenyewe. Mwaka 1972 aliachia ukurugenzi kwa hiari akabaki pale pale kama profesa wa kawaida. Kwetu mkuu akitoka ofisini huwa anatoka na jengo. Yeye kuanzia 1975 alikuwa Jawaja, eneo kavu la vijiji katika jimbo la Rajasthan, na wafumaji na watengeneza ngozi, akijaribu kuona kama menejimenti ina cha kumwambia mtu asiye na mtaji.

Lakini tusiipambe. Wahitimu wengi walifuata mishahara ya makampuni makubwa na benki, si vijiji, na mwaka 1979 Kurien alianzisha shule nyingine Anand ya kuandaa mameneja wa vijijini. Na uhuru ule wa kutokuwa chini ya chuo kikuu ulikuwa na bei yake: kwa zaidi ya miaka hamsini shule iliyotoa watu kama C. K. Prahalad, bingwa wa mikakati ya biashara, na Raghuram Rajan, aliyekuwa gavana wa benki kuu ya India, ilitoa stashahada tu, mpaka sheria ya 2017 ilipoiruhusu kutoa shahada. Waajiri hawakujali. Wazazi, nadhani, walijali.

Shule nyingine za Asia zilipita njia jirani: shule ya chuo kikuu cha Keio, Japani, mwaka 1962, taasisi ya menejimenti ya Manila, Ufilipino, mwaka 1968, zote zikiiangalia Harvard.

Majengo nayo ni somo. Louis Kahn, msanifu majengo wa Marekani, alianza kuyachora mwaka 1962: matofali mekundu yasiyopigwa lipu, matundu makubwa ya duara yanayoingiza upepo na kuzuia jua, na korido pana makusudi ili ubishi wa darasani usiishie darasani. Alikufa Machi 1974 katika stesheni ya treni New York, akirudi kutoka Ahmedabad. Desemba 2020 uongozi ulitangaza kubomoa mabweni 14 kati ya 18, kelele zikapigwa dunia nzima, siku ya mwaka mpya ukarudi nyuma. Mwaka 2022 ukasema tena kwamba baadhi hayana budi kujengwa upya, matofali yameoza na nyufa ni hatari. Uyahifadhi kwa gharama isiyo na mwisho, au uwalaze wanafunzi salama?

Hiyo ndiyo nitakayowagawia wiki ijayo. Kurasa tisa, na ya mwisho ni picha ya ukuta wenye ufa.